Kwa wanangu wa kidato cha pili Kigoma mnaotaka kuacha Kifaransa

Wanangu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini mjukuu wangu ameshanitajia idadi yenu mnaotaka kuachana na Kifaransa mkiingia kidato cha tatu, na kwamba kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, kuliko kumkamata mmoja njiani akaona anaonewa.

Nianze na matokeo, maana hapo ndipo mnapotishana. Divisheni ya kidato cha nne inahesabiwa kwa masomo saba uliyofaulu vizuri zaidi. Ukifanya masomo tisa, Kifaransa ukaambulia D, na saba mengine yakakaa sawa, hiyo D haiigusi divisheni yako. Kinacholiwa ni muda. Yule ambaye Hesabu na Fizikia zimemkaba koo, na jioni yake yote inaishia kwenye vitenzi, aache tu. Tena aache mchana kweupe, asijifiche. Na kama shule yenu mwalimu wa Kifaransa hayupo, mnanakili tu daftari la waliotangulia, sina neno la kuwazuia. Lugha haisomwi kwa kunakili.

Barua hii ni ya waliobaki, wenye mwalimu na wenye nafasi, ambao sababu yao ni moja: kigumu.

Kigumu, sibishi. Lugha gani inaandika herufi nne, eaux, halafu inatamka “o”? Sisi tuliozoea kusoma kila kilichoandikwa tunaona kama tunaibiwa. Il parle (anasema) na ils parlent (wanasema), sikio halioni tofauti, ila msahihishaji anaiona. Lakini le na la mnazolalamikia hizo, hapo mnanichekesha. Mtoto anayesema kitabu changu kimepotea, nyumba yangu imeungua, jembe langu limevunjika, na hajawahi kusimama kufikiri, leo ashindwe na ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike?

Halafu mnaniambia, “Babu, Wakongo wanajua Kiswahili, na Warundi tunasikilizana nao kwa Kiha.” Kweli kabisa. Nendeni Kibirizi boti zinaposhusha mzigo, hamtasikia Kifaransa hata neno. Bei ya dagaa ni Kiswahili, matusi ni Kiswahili. Ila karatasi, wanangu, karatasi ni Kifaransa. Na si jambo la jana. Mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji eneo la bandari hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Wabelgiji wameondoka, mzigo bado unapita, na stakabadhi yake bado inaandikwa kwa lugha waliyoiacha.

Mimi nilipata D. Nimeifanyia kazi hiyo D miaka 26 katika ofisi za uwakala wa forodha. Siku moja ilikuja barua kutoka kwa mteja Bujumbura: Nous n'acceptons plus les sacs de 50 kilos. Mwenzangu, mtu wa Kiingereza safi, akaona plus akafurahi: wanapokea na mifuko ya kilo 50 pia. Vibarua wakaitwa waanze kufungasha. Nikaomba niisome. Nilipokuwa kidato cha pili nilikosa swali la ne... plus mara tatu, mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa nikarudia mpaka kengele ikalia. Aibu ile haikunitoka, na plus haikunitoka. Barua ilikuwa inasema hawaipokei tena. Mzigo haukuondoka, na kuanzia siku hiyo kila karatasi yenye vikofia na vinukta juu ya herufi ilikuwa inaletwa kwenye meza yangu.

Wenye A darasani kwetu walikuwa wawili. Wote walipata kazi nzuri mbali na ziwa na sidhani kama wamewahi kukihitaji. Kwa hiyo nikisikia mtu anapima somo hili kwa alama peke yake, nanyamaza tu.

Nanyi mmekuta mlango mpana kuliko wetu. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia kwenye Jumuiya. Arusha kuna Mahakama ya Afrika inayoendesha kesi kwa lugha hiyo pia, na wakalimani hawaokotwi barabarani. Anayewaza kwenda kidato cha tano na tahasusi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, aulize mapema ni shule zipi zinayo, asingoje fomu zifike.

Jambo dogo la mwisho, nisije kulaumiwa. Kitabu chenu kinasema sabini ni soixante-dix. Warundi na Wakongo wanasema septante, na tisini wanasema nonante, ndivyo walivyofundishwa na Wabelgiji. Mtihanini andikeni cha kitabuni. Mkivuka ziwa, semeni chao, la sivyo mtahesabiwa chenji huku mmeduwaa.

Kila siku baada ya saa kumi nipo barazani. Anayesita aje na daftari lake, tusome kurasa mbili ndipo aamue. Kahawa ipo. Kashata mje nazo wenyewe.

Babu yenu