Mpwa wangu anashuka Jumamosi, na kinyonga wake hafumbui macho

Shikamoo Anti,

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Najua wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na mirathi, mimi nakuletea kinyonga. Cheka tu, lakini usiitupe kabla hujafika mwisho.

Kwanza nieleweke kwamba mimi sikumtaka huyu mnyama. Aliyemleta ni mpwa wangu, Novemba mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanguka. Aliwakuta vijana chini ya mwembe wanamshikilia, wanataka kumlisha ugoro waone anavyokufa. Unajua huku kwetu kinyonga akionekana ni mawe au ugoro, eti mkosi. Mtoto wa miaka tisa akavua shati la shule akambeba nalo mpaka nyumbani. Ni wale wa kijani wanaotanua ngozi za shingoni kama masikio wakikasirika. Akamwita Babu. Nikamuuliza kwa nini Babu, akasema mwangalie anavyotembea: anainua mguu, anausitisha hewani, anafikiri, ndipo anaukanyaga. Baba yetu miezi yake ya mwisho alikuwa akienda chooni hivyo hivyo. Tulikuwa tumemzika mwezi mmoja tu kabla, na siku ile ndiyo nilicheka mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa dada yangu. Sina ugomvi na dada yangu, na hilo uliweke moyoni unaposoma. Alikuja Januari kumchukua mwanawe akaanze shule Dar, maana mtoto alikuwa analelewa hapa na babu yake. Wakati mizigo ipo mlangoni nikamwambia, dada, mwache amalizie hata darasa la nne hapa, amezoea. Akanijibu mbele ya mke wangu na mbele ya jirani aliyekuja kuaga: "Nimwache na wewe? Wewe mpaka kitu kife ndiyo unajua kilikuwa kinaumwa."

Hivyo tu. Akafunga zipu ya begi wakaenda stesheni.

Mtoto aliniambia neno moja dirishani kwenye behewa: "Mjomba, mpe maji." Nami nilimpa. Hapo ndipo ninapotaka uelewe, Anti, kwa sababu mtu akisikia habari hii atasema sikujali. Nilijali. Kila asubuhi kabla sijafungua cherehani nilikuwa nabadilisha maji kwenye kifuniko cha chupa na kumwekea panzi. Nilimtafutia na nyumba nzuri: kabati la vioo la mke wangu, lile alilokuwa anauzia mandazi kabla bei ya mafuta haijamshinda. Nilifikiri vioo ni bora kuliko boksi, mwanga unaingia, paka haingii. Na maji yalikuwa yanapungua kwenye kifuniko. Nikasema anakunywa. Kumbe ni jua tu lilikuwa linayakausha.

Kinyonga hanywi maji ya kwenye chombo, Anti. Maji yaliyotulia hayaoni kama ni maji. Anataka matone juu ya majani, kama umande au mvua, ndipo ayarambe. Nilikuja kulijua hili wiki mbili zilizopita. Mvua zenyewe zimekatika, sasa ni kiangazi na upepo mkavu, na yeye ndani ya kioo na kifuniko chake.

Nilianza kumwona habadiliki vizuri mwezi wa nne. Alikuwa mweusi-mweusi asubuhi. Nikasema ni baridi, na kweli vinyonga hujitia weusi asubuhi wavute joto la jua, hilo nimethibitishiwa. Ila wa kwangu alikuwa anabaki mweusi mpaka mchana. Kisha akaanza kukaa chini. Kinyonga mzima hupenda juu, na huyu alikuwa analala kwenye ubao wa kabati kama mzigo. Macho nayo yakaingia ndani. Unajua macho yao yalivyo, yamevimba nje kama vikoni viwili na kila moja linaangalia kwake. Yake yakawa yamebonyea. Mchana wa saa sita akawa anayafumba. Nikasema amezeeka.

Nilisema amezeeka. Neno hilo hilo.

Panzi nikimwekea, anamlenga, anatoa ulimi, ulimi unaishia njiani. Zamani alikuwa anaupiga mbali kuliko urefu wa mwili wake, huoni unapotoka wala unaporudi. Sasa unatoka kama wa mtu aliyeungua na chai. Mke wangu ndiye aliyeona miguu. Haingii chumbani kwa ajili ya huyo mnyama, alisimama mlangoni akasema, "Mbona magoti yake yamekaa kama matege?" Nikamwambia ndivyo walivyo.

Nikampeleka kwa bwana mifugo. Simtaji. Nilimbeba kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa kanga, nikapita nyuma ya soko watu wasinione. Alipofunua kanga aliruka nyuma, wenye mbuzi na kuku wakacheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Akaniambia mimi natibu ng'ombe, kuku na mbwa, huyu mwache aende zake. Simlaumu. Lakini fundi mzima na ndoo yangu, nilirudi nyumbani kama niliyevuliwa nguo.

Aliyenisaidia ni binti wa mteja wangu, anasomea udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Nilimtumia video. Hakucheka. Aliniuliza maswali kama nesi: kinyesi chake kina rangi gani, ile sehemu nyeupe ni nyeupe kweli au imegeuka njano? Ni ya rangi ya chungwa. Akasema basi ana kiu ya muda mrefu. Anashika kijiti kwa nguvu au kidole kinateleza? Kinateleza. Mdomo unafungwa vizuri? Akaniambia niuguse taya la chini taratibu. Anti, taya linabonyea. Mfupa umekuwa kama raba ya ndara.

Akanieleza kwamba mnyama huyu anatengeneza mifupa kwa chokaa ya kwenye chakula, ila mwili hauwezi kuitumia chokaa hiyo bila miale ya jua lenyewe, na miale hiyo haipiti kwenye kioo. Mwanga unapita, joto linapita, miale yenyewe inabaki nje. Kwa hiyo miezi mitano mimi nilikuwa naona jua limemmulika nafurahi, kumbe nampikia tu ndani ya kabati. Tena hewa ilikuwa haizunguki. Na panzi peke yao hawatoshi, wanatakiwa wadudu mchanganyiko, nyenje, nzi, vipepeo, na wasiwe wametoka kwenye shamba lililopigwa dawa. Hapo nikanyamaza, kwa sababu panzi wangu nilikuwa nanunua kwa watoto na sikuwahi kuuliza wanawakamata wapi.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kila kitu, na ninakuomba uandike hivyo, kwamba nimebadilisha. Kabati nimelirudisha. Nimemtengenezea kizimba cha wavu wa dirishani, nimemwekea tawi la mpera lenye majani. Saa mbili hadi saa nne asubuhi yuko juani, upande mmoja nimeuacha na kivuli ajiondoe mwenyewe akitaka. Nanyunyizia majani kwa ile chupa ya kupulizia nywele ya saluni, mara tatu nne kwa siku. Simmiminii mdomoni, binti alinikataza kabisa, yataingia mapafuni. Nadondosha tone pembeni ya mdomo nasubiri arambe. Siku nyingine nasubiri nusu saa, wateja wanasimama na suruali zao mkononi. Maganda ya mayai nimeyachemsha nikayasaga laini, nampaka panzi kama unga. Nilitaka kutumia ile poda ya chakula cha kuku, akasema hapana, ina fosfori na yeye haimfai.

Jumanne aliramba matone kama kumi kwenye jani. Nilimwita mke wangu aje aone. Hakuja.

Lakini binti amesema ukweli ambao sijamwambia mtu: mifupa iliyopinda haitanyooka. Akipona, anapona hivyo hivyo na matege yake. Na huenda asipone. Na akaniambia kwa upole kwamba mnyama wa porini kumweka nyumbani kunataka kibali, sheria ya wanyamapori ipo tangu 2009. Sasa nina mgonjwa na ni mkosaji pia. Kumwachia porini leo siwezi, hana nguvu ya kushika tawi, kunguru watammaliza asubuhi moja. Nikibaki naye navunja sheria, nikimtoa namuua. Wakati mwingine natamani afe usiku nisione. Halafu naamka na tochi kwenda kumwangalia kama yuko hai.

Mpwa wangu anapiga simu kila Jumapili. Swali la kwanza: "Babu anaendeleaje?" Namwambia mzima. Wiki tatu zilizopita aliomba picha, nikamtumia ya Desemba, ile akiwa begani kwake, nimeikata yeye asionekane. Akasema, "Mjomba, hajabadilika!" Kinyonga hajabadilika. Sikujua nicheke au nifanye nini.

Likizo ya Juni imefika, anakuja na treni, anashuka Jumamosi, yeye na mama yake. Rafiki yangu wa kijiweni amenipa akili: ingia porini upande wa kuelekea Kwihara, tafuta mwingine wa ukubwa ule ule, mtoto atajuaje. Nilimfokea. Lakini kesho yake nilijikuta nimeegesha baiskeli njiani naangalia juu ya miti. Kwa hiyo usiniambie habari za uaminifu, ninazijua.

Baba alikuwa anakunywa maji sana, Anti. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Ilikuwa kuanzia Agosti. Alikuwa anaamka usiku mara nne kukojoa, anakunywa, anaamka tena. Nikasema ni joto, Tabora ya Septemba na Oktoba unaijua. Alikonda, nikasema ni uzee. Kidonda cha kidole cha mguu hakikupona, nikakifunga kwa kitambaa kisafi nilichokikata mwenyewe. Tulipofika hospitali sukari ilikuwa imepanda hadi mashine haisomi. Dada alifika siku ya tatu. Alikuwa anatuma pesa kila mwezi, sisemi hakutuma. Ila aliyekuwa anamwogesha ni mimi. Aliyekuwa anamkata kucha ni mimi. Sasa mtu aliyekuja mara mbili kwa mwaka anawezaje kusimama mlangoni kwangu na kusema mpaka kitu kife? Yeye alipokuja Pasaka aliona nini? Alimwona baba akamwambia umependeza, umepungua mwili.

Sikumjibu hivyo. Nilibeba begi lake nikalipeleka kwenye bajaji.

Yule alikunywa maji mengi nikaona kawaida. Huyu hakunywa kabisa nikaona kawaida. Ndiyo maana silali.

Kwa hiyo naomba unishauri, kama kuna dawa ya kumtia nguvu haraka kabla ya Jumamosi. Binti amesema hakuna ya haraka, nisimlazimishe kula, nisimshikeshike, hofu nayo inamuua. Lakini nilitaka nisikie na kwako, wewe unasoma barua nyingi. Au basi niambie tu nimwambieje mtoto. Nimwambie stesheni au nimwache afike nyumbani aone mwenyewe? Dada atakuwa amesimama pale pale. Lile neno naliona tayari liko mdomoni mwake. Nikimwambia mtoto kwamba mnyama alikuwa anaumwa tangu mwezi wa nne na mimi sikujua, si nitakuwa nimelisema neno la dada kwa mdomo wangu mwenyewe?

Na kama mtoto akiniuliza, "Mjomba, na Babu yule mwingine?" Ana miaka kumi sasa. Wanauliza.

Mke wangu anasema nakuza mambo, kinyonga ni mdudu. Labda. Ukichapisha usitaje mtaa wangu, sema Tabora inatosha, fundi wako wengi.

Nimetoka kumwangalia tena kwa tochi. Amekuwa mweupe-mweupe, amejikunja mkia, macho amefumba. Usiku kufumba ni sawa, binti alisema, wote hufumba usiku na rangi hupauka. Ni mchana ndiyo yasifumbwe. Amelala juu ya tawi leo, si chini, sijui alipandaje. Kukicha nitanyunyizia majani nikae nione kama atafumbua.

Wako,
Mjomba, Tabora