Mnaposimulia TAZARA, anzieni Hwange

Ndugu Mhariri,

Kila mnapoandika historia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mnaanzia mkataba wa Beijing mwaka 1967, mnapita kwa Mwalimu na Mzee Kaunda, mnafika Kapiri Mposhi na kuishia hapo. Sina ugomvi na hayo, ni kweli tupu. Ila mimi nimefanya kazi kwenye njia ile miaka mingi, na nawaomba mrudi nyuma zaidi, hadi kwenye mji mdogo wa makaa ya mawe kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe uitwao Hwange. Ukiutaja mji huo leo watu wanakutajia tembo na mbuga. Makaa hawayajui, na waliokufa chini yake hawajulikani kabisa.

Kwenye gengi letu, yaani kikundi cha kutunza njia, tulikuwa tunaweka geji, kipimo cha upana, juu ya njia: milimita 1,067 kutoka reli hadi reli. Ikizidi kidogo, nyundo zinatoka. Reli ya Kati waliyoianza Wajerumani ni milimita 1,000, ndiyo sababu kontena zikifika Kidatu hushushwa behewa moja na kupakiwa jingine. Ujanani nilidhani kipimo chetu kilitoka kwa Wachina, hadi mzee mmoja wa gengi aliponiambia kwamba kwao China wanatumia 1,435. Cha kwetu kilitoka Cape, Afrika Kusini, kikafika Bulawayo mwaka 1897, kikavuka Zambezi, na TAZARA ikalazimika kukifuata ili iungane na njia ya Zambia. Na aliyeivuta njia hiyo ya Zambia ipite ilikopita ni Hwange.

Mpango wa kwanza wa kina Cecil Rhodes, yule bepari wa Kiingereza, ulikuwa reli ipande kaskazini kwa njia nyingine kabisa. Makaa yalipoonekana miaka ya 1890 katika nchi ya Wanambya, kwa chifu Hwange, jina ambalo Waingereza waliliandika Wankie, ramani ikachorwa upya. Kati ya Gwaai na Dete waliinyoosha njia kilomita 114 bila kona hata moja. Mwaka 1903 reli ikayafikia makaa, mwaka uliofuata ikafika Maporomoko ya Victoria, na daraja likafunguliwa Septemba 1905. Toka hapo reli na mgodi vikawa vinalishana: vichwa vya mvuke vilikula makaa ya Hwange, na makaa hayakuwa na namna ya kutoka Hwange ila kwa vichwa hivyo.

Wasomaji wenu wa Lubumbashi, jimbo la Katanga huko Kongo, wanakijua kile kilima cheusi cha taka za shaba na bomba refu la moshi ubavuni mwake. Reli ilifika kwao mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri likawashwa. Tanuri kubwa namna ile haliendeshwi kwa kuni. Linataka koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka gesi na lami zimetoka, yakabaki magumu yenye vitundu, yanayotoa joto kali. Koki hiyo ilipanda treni kutoka Hwange. Kwa hiyo wachimbaji wa Hwange wana jasho lao katika ile shaba ya Katanga, japo wengi wao hawakuitia machoni.

Mwaka 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akatangaza uhuru wake wa Wazungu wachache. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa kujitawala, na matanuri yake yalikuwa yakitegemea makaa ya Hwange, yaani mlango wake ulikuwa mkononi mwa adui. Ikajifunga kibwebwe, ikachimba makaa yake Nkandabwe, kisha Maamba, ingawa yalikuwa na majivu mengi kuliko yale ya jirani. Reli ya kwenda Dar es Salaam, kilomita 1,860, ilizaliwa katika dhiki hiyohiyo. Ndiyo maana nasema simulizi ya TAZARA bila Hwange imekatwa mguu.

Sasa jambo linaloniuma. Jumanne tarehe 6 Juni 1972, mgodi Namba 2 wa Kamandama, hapo Hwange, ulilipuka. Watu 427 walikufa. Aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi atawaeleza: gesi ya makaa ikishika cheche inalipuka, mlipuko unatimua vumbi la makaa lililolala sakafuni, vumbi nalo linalipuka na kutimua lililo mbele yake, na moto unakimbia kwenye vichochoro kuliko mtu. Nyuma yake inabaki hewa ya sumu isiyo na harufu. Waokoaji waliingia, wakashindwa, wakarudi. Mgodi ukazibwa, na wengi wa marehemu wako humo hadi leo. Walikuwamo wenyeji na waliokuja kutoka Zambia, Malawi na Msumbiji, wengi wa aina ya baba zetu waliopanda treni wakiahidi kurudi na baiskeli na blanketi.

Mwezi Juni nimeyafungua magazeti mwaka baada ya mwaka, na sijaona mstari mmoja wa Kiswahili juu yao. Ndugu Mhariri, nawaomba ukurasa mmoja tu tarehe hiyo. Mna waandishi wanaofika Lusaka na Lilongwe kwa mikutano. Waambieni wasogee vijijini waulizie familia. Mkimpata hata mjukuu mmoja Chipata au Nkhata Bay aliyetunza barua ya babu yake kutoka Wankie, ichapisheni nzima, msiisahihishe hata herufi.

Mstaafu wa njia ya reli,
Mbeya