Kilo 303 za korosho

Newala, Mtwara

Somo yangu,

Huku hatujambo. Baridi ya Newala unaijua, na korosho za kwanza zimeanza kudondoka. Barua yako nimeipata. Mpe mdogo wako hongera kwa kuchaguliwa vyuo viwili. Ila umeniambia mjomba anamshinikiza athibitishe kile cha binafsi, cha milioni mbili na laki sita kwa mwaka, eti cha serikali ni cha bei chee na waliojazana humo ni kama siafu. Basi nisikilize mimi niliyekuwa siafu.

Niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2018. Ada yangu ya ualimu ilikuwa milioni moja kwa mwaka. Baba aliuza mbuzi wawili nikapata pa kuanzia, mengine yakasubiri korosho. Unaukumbuka msimu ule: bei za minadani zilikuwa chini, wakulima wakagoma kuuza, hadi Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo. Nilipokuja likizo nikaliona daftari la baba, lile analoandikia mizigo anayopeleka chama cha msingi cha ushirika. Katikati ya ukurasa, kwa penseli, ameandika jina langu na "kilo 303", ndiyo milioni yangu ya ada kwa bei hiyo. Imekatwa. Chini yake "kilo 121", imepigiwa mistari miwili. Bodi ya Mikopo ilikuwa imebeba asilimia 60 ya ada, na mzee alikuwa amepiga hesabu upya.

Halafu ona mambo: mtoto wa Newala napangiwa hosteli inayoitwa Mabibo! Nilicheka peke yangu, wenzangu wakanishangaa. Wengi hawakujua hata bibo ni nini, kwamba ndilo tunda la mkorosho. Mimi harufu ya mabibo, na ya uraka, pombe yake, naijua tangu sijajua kusoma.

Humo nilimbeba binti mmoja wa Kigoma aliyechelewa kuomba chumba. Kitanda cha futi tatu, tumelala mzungu wa nne mwaka mzima, nyayo zake usoni pangu. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, wakati huo lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Likitoka tunakula chipsi kuku na kujiona matajiri. Likikaribia kukata ni wali maharage, sahani moja vijiko viwili. Nilipopata supu ya takwimu, yaani kurudia mtihani (uzembe wangu, sina wa kumlaumu), yeye ndiye aliyenikalisha chini saa nane za usiku, ananichorea majedwali nyuma ya desa, zile kopi za notisi, mpaka yakaniingia. Mimi nikamsomea insha zake zote kabla hajazikusanya. Sijui kama ningekutana na mtu wa namna ile mahali ambapo kila mmoja ana chumba chake na pesa zake.

Lakini mdogo wako usimfiche: vyuo vya serikali watu ni wengi, na hakuna wa kumbembeleza. Asipohudhuria hakuna atakayemgongea mlango. Niliingia na watu wenye akili kunizidi, wakadisko, yaani wakafeli na kuondolewa chuo, mwaka wa kwanza kimya kimya, tukaja kugundua kwamba hatuwaoni tena. Kama bado ni yule anayeamshwa na mama mara tatu, hilo ndilo la kujadili na mjomba, siyo bei.

Na bei chee siyo bure. Nilimaliza 2021, bahati yangu mwaka ule ule tozo ya asilimia 6 kwenye mikopo ilifutwa. Deni lenyewe lipo. Mshahara wa kwanza, nikaona kwenye salari slipu asilimia 15 imeondoka, nikanuna siku nzima. Baba akaniuliza sababu, nikamweleza. Akatafuna kidogo, akasema, "Ni kilo ngapi?"

Nikamhesabia. Akasema hizo zinabebeka, akaendelea kula.

Sasa mwambie mjomba apige hesabu kwa mtindo huo. Milioni mbili na laki sita kwa bei ya mwaka ule ni kilo 788, karibu gunia kumi za kilo 80, kila mwaka kwa miaka mitatu. Kule Nachingwea ana mikorosho mingapi inayozaa?

Dirisha la kuthibitisha halingoji, msije mkabishana mpaka likafungwa. Akifika Dar anipigie, nitamwelekeza steshenari wanakotoa kopi kwa bei nzuri. Nawe ng'onda wangu, samaki wangu mkavu, usimsahau, mwenye gari la kuja Newala unamjua.

Wasalaam,
Somo wako