Aksanti, mama mshonaji wa Kadutu

Mama wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, uliyekataa kutaja jina: aksanti sana. Sisi wa mazingaombwe huficha leso ndani ya kikombe kidogo kinachovutwa na lastiki hadi ndani ya koti, na lastiki hiyo tulikuwa tunaifunga kwa fundo tu. Fundo hunasa kwenye bitana ya koti, kikombe kikabaki kinaning'inia nje, na watoto ndio wa kwanza kukiona! Wewe ulikunja ncha sentimita 2, ukaishona mara tatu, ukaipitisha lastiki ndani ya mfereji wa kitambaa laini kuanzia mgongoni, kiunoni. Sasa kikombe kinarudi kimya. Lastiki ikilegea, maana jasho huila, tunabadilisha yote. Ukiifupisha huvuta mno, kikombe kikaponyoka kabla leso haijaingia. Uzi mweusi uliotuachia ungalipo, mama.