Yah: Jibu lenu lililotangulia mkia

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salamu. Nimepokea barua yenu inayosema kumbukumbu zinaonyesha "jibu lilikuwa sahihi na lilitumwa kwa wakati." Nimeisoma huku nikimlisha mwanangu uji kwa kijiko, maana hadi leo hamezi kitu kigumu.

Saa 3:04 usiku niliwauliza kwa meseji, kwenye huduma yenu ya kujibu maswali ya wagonjwa: mtoto wa miaka miwili kameza betri ya duara ya rimoti, nifanye nini? Saa 3:11 simu ikalia. Meseji yenu nzima ilikuwa hii: "subiri itoke yenyewe kwa haja kubwa."

Tukasubiri. Mama yake alikuwa ameshavaa viatu. Mimi ndiye niliyemwonyesha simu nikamwambia, tulia, wataalamu wamejibu.

Saa 4:50 kikaingia kipande cha kwanza: "Betri ya duara iliyokwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2. Usimtapishe, usimpe chakula. Mpeleke hospitali sasa hivi, akapigwe picha ya eksirei, na kamwe usi"

Hesabuni. Herufi 160 kamili pamoja na nafasi, na meseji moja haibebi zaidi ya hapo. Mtambo wenu ulilikata neno "usisubiri" katikati, ukavituma vipande bila namba wala alama ya kuiwezesha simu kuviunga, na cha pili kikatangulia.

Nilipopiga simu kesho yake niliomba tu nirudishiwe pesa za meseji mbili (ndiyo, mlitoza vipande vyote viwili). Dada aliyepokea akanishauri nitume neno ACHA nijiondoe. Nikatuma. Mkajibu: "Samahani, hatujaelewa swali lako." Na "Swali la Leo" mnaendelea kunitumia kila asubuhi.

Narudia, huenda aliyeandika ile barua hakusoma malalamiko yangu. Mtoto anadondosha mate, analia akishika shingo. Mama yuko mlangoni, ufunguo mkononi. Baba ameshika simu yenye neno lenu "subiri", anamzuia asitoke. Saa nzima na dakika thelathini na tisa. Daktari aliitoa betri ikiwa imeshachoma koo. Hilo ndilo jibu lenu sahihi, lililotumwa kwa wakati.

Pesa za meseji sizitaki tena. Nataka gharama zote za matibabu, za nyuma na zitakazokuja, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, si ya mtambo. Nataka pia maswali ya wagonjwa yasomwe na mtu kabla jibu halijatoka, na jibu la hatari litoshe kwenye meseji moja.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Baada ya kuisoma upya barua yenu, nawapa 7. Siku ya nane meseji zote mbili, na saa zake, zitakuwa mezani kwa mamlaka ya mawasiliano na kwa wakili wangu. Simu sijaifuta kitu.

Wenu,
Baba wa mtoto