Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyekundu, Nyekundu, Kijani

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida ya chama nitayagusa mwishoni na kwa ufupi, kwa kuwa katibu na mweka hazina wameshayaeleza vizuri katika taarifa zao. Nafasi kubwa naitoa kwa jambo moja, nalo ni taa za leza zinazowaonya marubani walioingia anga ya Washington bila idhini. Katika vipindi vyetu vya mafunzo mwaka huu tuliuliza tena na tena, "Ukimulikwa utafanya nini?" Majibu yalipishana mno, na sisi ndio tunaoruka kila wiki pembezoni mwa anga hiyo. Hali hiyo imenisumbua.

Kwa faida ya wanachama wapya, niurudie mpaka wenyewe. Weka ncha ya bikari kwenye kituo cha VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege) cha uwanja wa ndege wa Reagan, jirani na Washington, chora duara la maili 30 za baharini, na hiyo ndiyo SFRA, anga yenye kanuni maalumu za kuruka. Inaanzia ardhini na kuishia chini kidogo ya futi 18,000. Ndani yake kuna eneo la FRZ, linalofika takribani maili 13 hadi 15 kutoka kituo hicho hicho, na humo ndege zetu ndogo haziingii bila kibali cha pekee. Ndani zaidi kuna P-56, anga iliyopigwa marufuku, juu ya Ikulu na Bunge la Marekani. Kabla ya kuvuka duara la nje, mpango wako wa safari uwe umewasilishwa, uwe unazungumza na waongoza ndege wa kituo cha Potomac, na transponda yako, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iwe inatuma msimbo uliopewa wewe. Msimbo wa 1200 tuliouzoea kwingine kote haukubaliki humo hata kidogo. Wanachama kadhaa wamekuwa wakiurudisha mara tu waongoza ndege wanapowaruhusu kuacha masafa yao, ilhali bado wako ndani ya duara. Huko ni kuvunja kanuni, hata kama uwanja unaoelekea unauona mbele yako.

Anga hiyo iliwekewa masharti Februari 2003 kwa jina la ADIZ (eneo la kutambua ndege kwa ajili ya ulinzi wa anga), na Februari 2009 ikapata kanuni za kudumu na jina la SFRA. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Mwaka 2005 GAO, ofisi inayokagua kazi za serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilieleza kuwa kati ya Septemba 12, 2001 na mwisho wa 2004 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliandikisha matukio takribani 3,400 ya ndege kuingia anga zilizozuiwa nchini kote. Asilimia 88 ya matukio hayo yalitokana na ndege za aina yetu. Hawakuwa maadui. Walikuwa watu wenye ramani ya zamani, upepo wa ubavuni na redio iliyowekwa masafa yasiyohusika.

Tukio ambalo kila mtu analikumbuka ni la Mei 11, 2005. Cessna 150, ndege ndogo ya watu wawili, iliyotoka Pennsylvania ikielekea North Carolina iliingia hadi takribani maili tatu kutoka Ikulu. Wafanyakazi wa Ikulu na Bunge waliambiwa wakimbie nje, helikopta ikaifuata, na ndege za kivita za F-16 zikafyatua mafataki ya kuonya. Hatimaye ilisindikizwa hadi Frederick, Maryland, na rubani wake akanyang'anywa leseni. Hebu fikirini upande wa wale waliotumwa kuizuia. Cessna 150 hutembea kwa takribani noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa. Ndege ya kivita haiwezi kukaa ubavuni mwa kitu kinachokwenda taratibu hivyo. Inapita kwa kasi, inazunguka, inarudi, inapita tena, na rubani wa ndege ndogo anaona kivuli tu asijue anaambiwa nini. Ndiyo maana tangu 2006 helikopta za Walinzi wa Pwani zilipewa kazi ya kuzifuata ndege za mwendo mdogo katika anga hii, zikiwa na ubao wa maandishi ya taa wa kumwelekeza rubani masafa ya kuita.

Taa za leza zilianza kazi rasmi Mei 21, 2005, siku kumi baada ya tukio lile. Wengi wanadhani zilitungwa kwa sababu yake, lakini zilikuwa zimeshajaribiwa kabla ya hapo. Ni mfumo wa NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada ya ulinzi wa anga, na kazi yake ni kuziba pengo lililopo kati ya redio na ndege ya kivita. Redio inakufikia iwapo tu umeweka masafa yanayotumika kukuita. Ndege ya kivita inahitaji muda wa kupaa na kukufikia, na ikishapaa jambo limekuwa zito kwa kila mtu. Mwanga unafika papo hapo, hauulizi umeweka masafa gani, na unaelekezwa kwa ndege moja tu, ile iliyokosea.

Utakachoona ni nukta kali ya mwanga ardhini ikimweka kwa mpangilio mmoja usiobadilika: nyekundu, nyekundu, kijani, nyekundu, nyekundu, kijani. Mfumo ulitengenezwa utumike mchana na usiku. FAA imesema wazi kuwa mwanga huo haudhuru macho ya rubani, wafanyakazi wa ndege wala abiria, kwa kimo chochote na umbali wowote kutoka unakotoka. Nalisisitiza hili kwa sababu tumejifunza, na tumejifunza vyema, kwamba leza ikiingia ndani ya ndege unageuza uso na kukinga macho. Kwa taa hii, itazame kwa muda wa kutosha kuusoma mpangilio wake.

Baada ya kuusoma, mwongozo wa FAA ni mfupi. Kama tayari unazungumza na waongoza ndege, waambie mara moja kwamba unamulikwa na taa za onyo. Kama huzungumzi nao, geuka uelekee njia ya moja kwa moja inayokutoa mbali na katikati ya SFRA, na papo hapo ita kwenye masafa yanayofaa au kwenye 121.5, masafa ya dharura. Usipofanya hivyo unaweza kufuatwa na ndege za jeshi, na hata nguvu inaweza kutumika. Geuka kwanza. Nasema hivyo kwa sababu wengi katika mafunzo yetu walijibu kwamba wangeanza kwa kutafuta masafa kwenye ramani. Dakika mbili za kutafuta masafa huku pua ya ndege ikielekea mjini ni takribani maili nne kwa ndege zetu nyingi, na anayekutazama kutoka chini hana namna ya kujua kwamba macho yako yako kwenye ramani.

Mwanachama wetu mmoja ameniruhusu nieleze yaliyompata, bila jina lake. Alikuwa akitoka Charlottesville kwenda Frederick, jua likiwa limeshazama. Chukueni ramani muone: mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo viwili unapita maili chache tu nje ya duara, karibu na Leesburg. Upepo ulikuwa wa magharibi, tableti yake ilizimika njiani, naye akaendelea kwa dira na kwa kutazama taa za barabara. Upande wa kulia, chini, akaona nyekundu na kijani. Wazo lake la kwanza lilikuwa ndege nyingine, na ni wazo la rubani yeyote aliyefundishwa vizuri, kwa kuwa bawa la kushoto lina taa nyekundu na la kulia lina taa ya kijani. Akaanza kuitafuta ndege hiyo ili aikwepe. Kilichomzindua ni kwamba rangi zote mbili zilitoka sehemu ile ile na zilikuwa zikimweka kwa zamu. Taa za mabawa hazimweki hivyo, na haziwezi kukaa nukta moja. Akahesabu: nyekundu mbili, kijani moja. Akageuka kushoto kuelekea magharibi, akaita kwenye 121.5, akajibiwa kwa sauti tulivu na kupewa msimbo. Alipotua alitakiwa kupiga simu, akaeleza yote kama yalivyokuwa.

Kwa maoni yangu alifanya jambo lililo gumu kuliko linavyosikika. Aliiacha tafsiri yake ya kwanza wakati mikono ilikuwa imeshaanza kuifuata. Ndiyo maana kamati iliamua kwamba mafunzo yasiishie kwenye picha za ukutani. Sasa mwalimu anakaa kiti cha kulia, na bila kutoa taarifa anatamka "nyekundu, nyekundu, kijani", na mwanafunzi anatakiwa ageuke upande sahihi na kutamka maneno ya kuita kabla mwalimu hajatamka mpangilio huo kwa mara ya tatu. Redio haibonyezwi, bila shaka. Wengi mara ya kwanza waligeukia upande mbaya, kwa sababu hawakuwa na picha kichwani ya mahali VOR ya Reagan ilipo kutoka pale walipokuwa. Kugeuka mbali na katikati kunakutaka ujue katikati iko wapi. Swali hilo naomba kila mmoja alibebe kila safari anapokuwa karibu na duara.

Kuna suala la rangi pia, na naomba lisichukuliwe kama aibu ya mtu. Baadhi ya wanaume, na wanawake wachache, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Wapo marubani ambao vyeti vyao vya afya vina kizuizi cha kutoruka usiku wala kufuata ishara za rangi, na hao wanajijua. Wengine tatizo lao ni dogo na huonekana pale tu mwanga unapokuwa mbali. Kwao, na kwetu sote machweo yanapochanganya macho, tegemeo zuri ni mdundo: nukta moja ardhini inayomweka na kurudia, ikielekezwa kwako bila kuyumba. Ukiona hivyo karibu na Washington, usisubiri kubishana na macho yako kuhusu rangi. Ita.

Sasa leza za wahuni. Mwaka 2023 FAA ilipokea ripoti 13,304 za ndege kumulikwa na leza nchini Marekani, na mwaka 2024 ripoti 12,840. Hizo ni hatari tupu. Usiku, macho yakiwa yamezoea giza, mmweko mmoja wa kijani unaweza kukuacha huoni vyombo vyako wakati wa kutua. Kijani kinatuumiza zaidi kwa sababu jicho la binadamu linaihisi rangi hiyo kwa nguvu kuliko nyekundu. Kumulika ndege kwa makusudi ni kosa la jinai la serikali kuu ya Marekani tangu 2012, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. FAA nayo hutoza faini. Leza ya mhuni kwa kawaida ni ya rangi moja, inayumba kwa sababu imeshikwa mkononi, inakupata na kukupoteza. Kinga macho, washa taa za ndani ya ndege, toa taarifa kwa waongoza ndege mara moja ukitaja mahali na rangi. Na ukiwa ndani au karibu ya SFRA na huna uhakika ni ipi kati ya hizo mbili, wito kwenye redio unafaa kwa zote.

Mafunzo ya lazima. Yeyote anayeruka kwa kuona, kama rubani mkuu wa ndege, ndani ya maili 60 za baharini kutoka VOR ya Reagan anatakiwa awe amemaliza mafunzo maalumu ya FAA na aweze kuonyesha cheti akiulizwa. Kozi inapatikana bure kwenye tovuti ya usalama ya FAA. Cheti hakiishi muda, na hapo ndipo ninapoona udhaifu: wapo kati yetu waliosoma kozi hiyo miaka mingi iliyopita na hawajaifungua tena. Kanuni haiwalazimishi kurudia. Mimi nawaomba warudie kila mwaka, jioni moja tu, na kamati itaandaa chumba kwa wanaopenda kuisoma pamoja.

Mambo mengine. Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mkutanoni. Ada haitapanda. Wenzetu wanaotumia uwanja wa College Park, ulioanza kazi 1909 na unaoendelea hadi leo ukiwa ndani ya FRZ, wameomba chama kiwasaidie wageni kuelewa taratibu za kupata kibali cha kuingia humo. Ombi hilo limekubaliwa, na wanachama wawili wamejitolea kulisimamia. Nawashukuru kwa dhati, na nawashukuru walimu wote waliotoa jioni zao bila malipo.

Kwenye mkutano mkuu nitaleta hoja moja ya kupigiwa kura: kwamba mwanachama yeyote anayetaka kutumia ndege ya chama kwa safari inayopita ndani ya maili 60 awe amefanya zoezi la taa pamoja na mwalimu katika miezi kumi na miwili iliyotangulia. Najua wapo watakaoliona kuwa ni mzigo, hasa wale wenye uzoefu mrefu. Naomba waje na hoja zao, na kabla ya kuja wafanye zoezi lenyewe mara moja. Walimu wako tayari, na orodha ya kujiandikisha iko kwa katibu.

Mwenyekiti