Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha Jinja kwa furaha. Kwa kuwa wewe ni mhadhiri wa fizikia, tumeona tukueleze jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni lenzi bapa.

Lenzi tuliyoizoea hupinda nuru kwa umbo na unene wa kioo chake. Lenzi bapa hutumia nguzo nyingi mno zilizosimama juu ya kioo, kila moja fupi kuliko mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), na upana wa nguzo ndio unaoamua nuru icheleweshwe kiasi gani mahali hapo. Mwaka 2016 kundi la Profesa Federico Capasso wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionyesha lenzi ya nguzo za titani dioksidi, zenye kimo cha nanomita 600, ikikusanya nuru inayoonekana kwa macho.

Kilichotugusa zaidi ni safari ya kutoka maabara hadi sokoni. Nguzo zile zilichorwa kwa miale ya elektroni, kidogo kidogo, kazi ya polepole na ya gharama ambayo isingeweza kulisha soko. Njia ilifunguka lenzi ziliposanifiwa upya ili zichapwe kwa mashine zilezile zinazotengeneza chipu za kompyuta, nyingi kwa pamoja kwenye bamba moja. Kampuni ya Metalenz, iliyotokana na maabara hiyo, ilishirikiana na STMicroelectronics, kampuni inayotengeneza chipu, na mwaka 2022 lenzi hizo zikatangazwa ndani ya vihisi vya kupima umbali. Vihisi hivyo hutumia leza ya rangi moja, na kwetu hiyo ilikuwa busara kubwa, maana kukutanisha rangi zote mahali pamoja bado ni kazi ngumu.

Mheshimiwa, klabu yetu ina hadubini moja. Tangu mvua za masika lenzi yake imeota kuvu, nasi tukitazama ngozi ya kitunguu tunaona kwanza utando mweupe, kisha seli kwa mbali. Makerere tayari wanaunganisha simu na hadubini ili kutafuta vimelea vya malaria, na sisi tungependa kuwa miongoni mwa watakaotengeneza lenzi za vifaa kama hivyo.

Tunaomba mambo mawili: fundi wa kutusafishia hadubini hiyo, na siku moja katika maabara yako, tuone kwa macho yetu jinsi lenzi inavyopimwa.

Tunaomba kuwasilisha.